Mgeni wa Ukutani

Ukipita Bagara asubuhi ukasikia gitaa la umeme linalia kama paka aliyekanyagwa mkia, usikimbie. Fuata sauti hiyo, utakunywa maziwa mazuri. Hapo ni kwa Theophil Marseli, Baba Devotha, ambaye nusu ya mtaa wanamwita Mzee wa Roki na nusu nyingine wanamwita yule mwenye makelele. Kibanda chake ni cha mbao, kimepakwa rangi ya bluu, na mbele kimeandikwa kwa herufi kubwa MAZIWA YAPO, kama vilivyoandikwa vibanda vya maziwa vya nchi nzima.

Ndani kuna mabenchi, meza zenye vitambaa vya plastiki, jiko la chapati la mkewe Coletha, redio kubwa ya kanda ambayo mlango wake umefungwa kwa mpira, na kreti iliyojaa majarida ya muziki ya zamani. Kreti hiyo, jamani, ogopa. Hakuna mteja anayeruhusiwa kuigusa akiwa na chapati mkononi. Majarida yenyewe ni ya Kizungu, ya miaka ambayo wateja wengi walikuwa hawajazaliwa. Mengine yalikuja yamejibanza ndani ya marobota ya mitumba, mengine aliyakuta Arusha yametandazwa chini kwenye turubai pamoja na vitabu vya mafundi magari, mengine alipewa na mpishi wa hoteli ya watalii iliyokuwa ikiyatupa. Theophil anayasoma yote, hata matangazo ya maduka ya magitaa yaliyofungwa zamani. Anazipenda zaidi barua za wasomaji. Watu wazima na akili zao wanatukanana wiki baada ya wiki kwa ajili ya mpiga dramu, yupi zaidi na yupi si kitu, na Theophil, akiwa zake hapo Bagara na aproni kiunoni, ana upande wake kabisa na yuko tayari kuutetea.

Mteja mpya akiuliza, "Mzee, huu wimbo mbona hauna maneno?" amechokoza nyuki. Theophil ataweka jagi chini.

"Sikiliza besi kwanza. Umeisikia? Haya, sasa anakuja yule wa gitaa. Ngoja. Ngoja... Hapo!"

Na hapo atafumba macho, mdomo utajipinda, vidole vitaanza kucharaza kitambaa cha kufutia meza. Maziwa ya watu yatapoa. Ludovick, dereva wa bodaboda anayekunywa kikombe chake hapo kila siku kabla ya kwenda kijiweni, ndiye mchokozi mkuu.

"Shikamoo, Mzee wa Roki. Leo huyo jamaa anaumwa wapi?"

"Marahaba. Haumwi, anaongea."

"Anasema nini?"

"Ungekuwa na masikio ungejua. Kunywa maziwa yako."

Coletha hucheka tu huku akigeuza chapati. Yeye ni Mnyaturu wa Singida, aliolewa akiyajua yote hayo. "Wanawake wenzangu wanalia kwa wake wenza," huwaambia wateja. "Mimi mke mwenza wangu anatumia betri."

Sasa mapenzi haya yalianzia wapi? Hayakuanzia kwenye redio. Yalianzia ukutani, kijijini Nakwa, katika nyumba ya mama yake.

Mama yake, Bibi Leonia, aliteremka kutoka Mbulu na mumewe, akafiwa mapema, akabaki na shamba dogo, ng'ombe mmoja na Theophil. Ili mtoto aende shule alifua nguo za mzungu mmoja wa mradi wa maji. Mradi ulipokwisha, yule mzungu akamwachia rundo la magazeti na majarida ya kuwashia moto. Lo, kuwasha moto! Noeli ilikuwa inakaribia, na kila nyumba ya udongo iliyojiheshimu ilibandikwa karatasi mpya ukutani kabla ya Noeli, ili wageni wakija wakute pamechangamka. Leonia akapika uji mzito wa unga wa ngano, akabandika nyumba nzima. Kusoma hakujua, lakini picha zilimwonyesha juu ni wapi na chini ni wapi.

Juu ya kitanda cha Theophil, aliyekuwa darasa la tano, akatua mwanamume mmoja mwenye nywele ndefu mpaka mabegani, amekaa kwenye kiti cha jikoni, gitaa mapajani, kikombe kiko sakafuni karibu na mguu wake. Pembeni mwa picha maneno yalijaa mpaka chini. Leonia alirudi nyuma akamtazama, mikono imejaa uji.

"Na huyu naye kaja Noeli na nywele hizi! Haya, karibu, mgeni."

Jina likaganda. Mle ndani hakuitwa tena vingine ila Mgeni. Jina lake halisi liliandikwa pale pale, ila Leonia hakuweza kulitamka na wala hakuona sababu ya kujisumbua.

Theophil akaanza kumsoma. Kiingereza chake kilikuwa cha kuhesabu kalamu na madirisha tu, kwa hiyo aliazima kamusi kwa katekista na kwenda neno kwa neno, jioni kwa jioni, amepiga magoti kitandani kama anayesali. Mpaka anamaliza shule alikuwa ameujua ukurasa ule kwa moyo. Mgeni alikuwa mpiga solo wa bendi ya vijana wanne kutoka mji wa viwanda huko Uingereza. Alieleza jinsi gitaa linavyoweza kulia, kucheka, kugombana na dramu na kupatana nayo tena, wimbo ukiwa bado haujafika nusu. Kisha akaeleza kwamba siku moja, katikati ya onyesho, watu wamejaa, alichoka. Akachomoa waya, akaliweka gitaa chini, akatoka mlango wa nyuma, akapanda treni kwenda kwao. Na mwisho kabisa, kule chini, alisema hivi: "Nilifika mlangoni kwa mama nimelowa mvua, sina gitaa, sina bendi, sina la kusema. Akafungua mlango, akanitazama, akaniambia"

Basi. Ukurasa umekwisha. Maneno yaliyofuata yalikuwa upande wa nyuma, na upande wa nyuma ulikuwa umeshikwa na uji wa Leonia, ambao ulishika kuliko saruji.

Mara moja tu Theophil alijaribu kuchungulia. Akaingiza ukucha kwenye pembe ya karatasi, pembe ikatoka vumbi tupu, na sikio lake likavutwa. Hakurudia. Noeli iliyofuata mama yake akaja na karatasi mpya na bakuli la uji, akamkuta mtoto amesimama juu ya kitanda, mikono ameitanda ukutani kama mlinda lango.

"Mama, bandika kote. Huyu mwache."

Leonia akamwangalia mtoto, akamwangalia Mgeni. "Ana nini huyu?"

"Mwache tu, mama."

Akamwacha. Akabandika kumzunguka. Na mwaka uliofuata hivyo hivyo, na mwingine, hata Theophil alipokuwa hayupo nyumbani. Kuta zikanenepa kwa kalenda za jimbo, magazeti ya Kiswahili na sura za wagombea, Noeli juu ya Noeli, na Mgeni akazama ndani kama mtu aliyekaa dirishani.

Cha ajabu ni kwamba miaka yote hiyo Theophil alikuwa hajawahi kuisikia roki yenyewe. Aliijua kwa kusoma tu. Kichwani alijitengenezea mwenyewe sauti ya Mgeni: aliifanya iwe kama mvua ya mawe juu ya bati. Alipokuwa kijana akaenda Arusha, akajifunza gitaa kwa kuazima na kubembeleza, na siku moja, akipita kwenye duka la kanda, akaisikia roki. Haikuwa mvua ya mawe hata kidogo. Ilikwenda polepole, ikizunguka, kama mtu anayekulalamikia huku anacheka. Alikasirika, maana alihisi amedanganywa. Alisimama pale na hasira zake mpaka kanda ikafika mwisho, akamwomba mwenye duka aigeuze, na kufika jioni alikuwa mtumwa wa muziki ule kwa maisha yake yote.

Akapata kazi kwenye bendi ya hoteli. Bendi yenyewe ilipiga dansi, watu wanacheza wanakula kuku. Kazi haikudumu. Usiombe! Ilikuwa harusi ya watu wakubwa, bwana na bibi harusi wameshika kisu, na msema chochote akaomba muziki laini kidogo wa kukatia keki. Theophil akaona hiyo ndiyo nafasi aliyoandaliwa na Mungu. Akafumba macho, akaingia kwenye solo. Alipoyafumbua, keki ilikuwa imekwisha kuliwa, bibi mmoja ametolewa nje anapepewa, na kiongozi wa bendi ndiye aliyeuchomoa ule waya. Aliambiwa arudi kwao akawapigie ng'ombe.

Akarudi. Gitaa halikuwa lake, aliliacha pale pale. Alifika Nakwa katikati ya masika, na aibu aliyokuja nayo ilikuwa kubwa kiasi kwamba siku ile hakupenda kuikumbuka tena, wala hakumsimulia mtu, hata Coletha. Wiki iliyofuata alikuwa juu ya baiskeli, anapeleka maziwa ya mama yake na ya majirani mjini. Baiskeli ikazaa kibanda, kibanda kikamsomesha Devotha, na kwa kweli ukimwuliza leo atakuambia hana anachodai duniani. Ana maziwa, ana mke anayecheka, ana kreti yake.

Isipokuwa kitu kimoja. Mama wa Mgeni alisema nini pale mlangoni?

Msidhani ni jambo dogo. Wateja wote wa kibanda wanaijua habari hiyo, na kila mmoja ana jibu lake. Ludovick anasema yule mama alimgombeza arudi haraka akachukue gitaa kabla halijaibiwa. Mwalimu mmoja anayekunywa mgando anashikilia kwamba alilia. Theophil mwenyewe amebadilisha majibu kadiri umri ulivyokwenda. Akiwa kijana aliamini mama alisema, "Nilikuambia." Alipopata mtoto akaamini alisema, "Pole." Devotha, ambaye sasa anafanya kazi Dodoma, alitafuta sana kwenye simu, lakini jarida lile lilikuwa dogo na lilikufa zamani, na hakuna aliyejali kulifufua.

Mwaka huu ndipo mambo yalipofika shingoni. Mvua ziliupasua ukuta wa nyumba ya Nakwa kuanzia juu hadi chini. Theophil alikuwa amekwisha kumjengea mama yake nyumba ya matofali ya kuchoma kwenye kiwanja hicho hicho, na Bibi Leonia, ambaye amepita miaka themanini na bado anachagua mwenyewe kuku wa kuchinjwa, akakubali kuhama. Kipya kinyemi, ingawa yeye alilalamika kwamba sakafu ya saruji ina baridi. Ile ya zamani ilibidi ibomolewe kabla haijamwangukia mtu. Fundi Valence alipangwa kuja Jumamosi.

Theophil hakulala vizuri wiki hiyo. Ukuta ukianguka, Mgeni anaanguka nao, na maneno ya mama yake yanakuwa tope. Jumamosi alifika Nakwa kabla ya fundi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Mbona uso kama umefiwa?"

"Nimekuja kumchukua Mgeni."

Valence alipofika aliingia chumbani, akaigusa karatasi kwa kidole, akatikisa kichwa. "Baba Devotha, hii ukiibandua inatoka vipande vipande. Mama aliibandika hii, hakucheza."

"Basi tufanyeje?"

Valence akagonga ukuta huku na huku, akasikiliza. Kisha akasema dawa ni kumtoa Mgeni pamoja na udongo wake. Wakakata udongo kumzunguka kwa msumeno wa mbao, polepole, vumbi likiwajaa puani, Valence akapitisha patasi nyuma akiuachanisha na fito, Theophil ameshikilia mbele kwa mto wa kulalia asije akadondoka. Kipande kikatoka kizima, kipana kama sinia la pilau. Wakakilaza juu ya mlango wa zamani, wakakifunika blanketi, wakakibeba wawili kuelekea nyumba mpya. Ludovick, aliyekuwa amemleta Valence, akavua kofia yake ya pikipiki.

"Poleni sana, wafiwa. Mazishi ni lini?"

"Toka hapa!" Theophil akasema, lakini alikuwa anacheka kwa raha ya kumwokoa. Saa hiyo hiyo nyuma yao ukuta ukaanza kuanguka.

Furaha yake haikumaliza hata siku. Valence alinawa mikono, akakaa, akasema alichojua. Udongo ule ukiuloanisha kutoka nyuma utalainika, utauondoa kidogo kidogo mpaka ufike kwenye karatasi, na maandishi ya nyuma utayaona. "Ila maji hayachagui, Baba Devotha. Yakishafika kwenye karatasi, sura ya mbele siwezi kukuahidi. Unaweza ukayapata maneno ukampoteza mtu mwenyewe."

Ndiyo hiyo sasa. Uso wa Mgeni, au maneno ya mama yake. Wiki nzima maziwa yaliungua pale Bagara. Theophil alisimama na jagi mkononi akitazama barabara, kanda ikifika mwisho bila yeye kugundua. Wateja wakagawanyika kama bunge. Ludovick alitaka udongo uloanishwe, tena haraka, maana na yeye alikuwa anataka kujua. Mwalimu wa mgando alisema picha ni urithi. Coletha alivumilia, akavumilia, kisha akapiga mwiko juu ya meza.

"Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Inama basi, Baba Devotha, tujue moja! Kama huinami, geuza hiyo kanda tuendelee na maisha."

Jumapili baada ya misa wakaenda Nakwa. Theophil alikuwa ameamua. Alisema uso wa Mgeni anaujua, hata akifumba macho anauona. Asichokijua ni yale maneno, na hataki kuzeeka bila kuyajua. Akachemsha maji, akayapoza kwenye beseni, akatafuta sponji mpya, akakunja mikono ya shati la kanisani. Wakamgeuza Mgeni kifudifudi juu ya godoro.

Bibi Leonia alikuwa kwenye kiti chake anamenya viazi. Akawatazama.

"Unataka kumwogesha?"

"Nataka kusoma nyuma, mama."

"Nyuma kuna nini?"

Hapo Theophil akabaki ameishika sponji. Ndipo lilipomjia, na lilimjia kwa uzito, kwamba katika maisha yake yote alikuwa amemsimulia kila mnywa maziwa wa Bagara habari ya ukurasa ule, na hajawahi kumsimulia mama yake. Mama alikuwa hajui kusoma, na hakuwahi kuuliza.

"Kwani mama ulifikiri nilimpenda kwa nini?"

"Nilifikiri kwa gitaa," alisema Leonia. "Hata hivyo nilishangaa. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Huyu wako amekaa miaka yote hii hajapalilia hata tuta moja."

Coletha akacheka mpaka akashika ukuta. Theophil akaweka sponji chini, akakaa sakafuni karibu na miguu ya mama yake, akamsomea ukurasa kwa moyo, kwa Kiswahili, si kwa lugha ya nyumbani, ili Coletha naye asikie. Akamsomea lile gitaa linavyogombana na dramu na kupatana. Akamsomea lile onyesho, ule waya, ile treni. Leonia aliacha kumenya. Akafika mwisho: nimelowa mvua, sina gitaa, sina bendi, sina la kusema, akafungua mlango, akanitazama, akaniambia.

"Akamwambia nini?" aliuliza Leonia.

"Ndiyo hapo panapokatika, mama. Ndicho ninachokitafuta."

Mama yake akamtazama. Halafu bega moja likaanza kutikisika, kisha la pili, kisha yule bibi akacheka kicheko chembamba mpaka kisu kikamponyoka.

"Ewe Theophil! Umelala chini ya karatasi hiyo, umekua, umeoa, umepata mvi, unatafuta mama alisema nini mlangoni. Na mimi nipo chumba cha pili?"

"Mama, wewe utajuaje? Hukuwepo Uingereza."

"Sasa Uingereza hawana milango? Nijibu. Uliporudi kutoka Arusha, ulifika mkavu?"

"Nilikuwa nimelowa."

"Ulikuwa na gitaa?"

"Sikuwa nalo."

"Ulisema neno?"

"Sikusema, mama."

"Mimi nilikuambia nini?"

Pale sakafuni, shati la kanisani limekunjwa, ile siku aliyoikimbia maisha yake yote ikamrudia nzima. Maji yanamchuruzika kutoka kichwani. Viatu vimejaa tope la Nakwa. Amesimama mlangoni anangoja kuulizwa kazi iko wapi, na amekwisha kuandaa uongo wake. Na mama yake amefungua mlango, amemtazama kuanzia juu mpaka chini, hakuuliza gitaa, hakuuliza kazi. Alikionyesha kwa kidevu kibuyu kilichokuwa kinaning'inia karibu na moto.

"Uliniambia, maziwa yapo," alisema Theophil.

"Ehe."

"Nikanywa nimesimama. Nikamaliza kibuyu chote."

"Na cha jirani nikakuazimia," alisema Leonia. "Sasa unafikiri yule mwingine alimwambia mwanawe nini? Hotuba? Mtoto amelowa hivyo! Alimwambia kilichopo jikoni. Huko kwao sijui wanakula nini, lakini alimwambia kilichopo jikoni. Mengine huja baadaye, tumbo likishapata moto."

Akaokota kisu, akarudi kwenye viazi vyake. Theophil aliinamisha kichwa juu ya magoti ya mama yake na kulia, wala hakuona haya mbele ya mkewe. Alilia kwa furaha, na kwa kuchelewa, na kwa ile njaa ya zamani. Leonia akampapasa kichwani kwa mkono wenye maji ya viazi.

Coletha alijifuta macho kwa pembe ya kitenge. "Kumbe ndiyo maana ukakiandika kibanda hivyo?"

"Hapana," alisema Theophil, akivuta kamasi. "Niliandika kwa sababu wote wanaandika hivyo."

Yale maji ya beseni yalimwagwa kwenye mgomba. Jumatatu Valence alirudi, akachimba nafasi kwenye ukuta mpya wa sebuleni, akamwingiza Mgeni na udongo wake wote na kumzungushia saruji. Amekaa pale anatazama kiti cha bibi, gitaa mapajani, kikombe karibu na mguu. Nyuma yake kuna nini, hakuna ajuaye. Bibi Leonia amekwisha kuuliza kama uji wa ngano unashika kwenye saruji, maana Noeli haiko mbali, na amesema anajua mahali pa kuruka asipabandike.

Ludovick alikuwa wa kwanza kufika kibandani asubuhi iliyofuata. Hakusalimia hata.

"Mzee, usinizungushe. Mama alisema nini?"

Theophil akaenda kwenye redio akapunguza sauti, jambo ambalo hakuna mteja aliyewahi kuliona. Akajaza kikombe mpaka ukingoni, akakiweka mbele yake.

"Maziwa yapo."

"Najua yapo, nimesoma hapo nje! Nakuuliza mama wa watu alisema nini pale mlangoni."

"Kunywa kwanza, Ludovick," alisema Theophil. "Umelowa umande."